Kuhuisha Nafsi Moja: Yatupasayo kwa Aliyechoka na Uhai

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Usiku mmoja baada ya darsa, ndugu mmoja mtu mzima alitushika mkono akatuuliza: "Maalim, mtu akijiua, jee, husaliwa?" Tulimjibu kama tutakavyoeleza hapa chini. Walakini tuliporudi nyumbani tuliona ya kuwa suali lile, ingawa ni la haki, kila linapoulizwa huwa limekwisha kuchelewa. Watu wetu huuliza namna ya kumzika mtu. Ni wachache wanaouliza namna ya kumzuia asifike huko. Elimu ya jeneza tunayo. Elimu ya mtu aliye hai, anayesimama nasi safu moja na kula nasi sinia moja, na huku moyo wake umekata tamaa ya kuishi, elimu hiyo tumeiacha. Basi darsa ya leo ni ya huyo aliye hai.

HUKUMU YENYEWE

Hapana khitilafu baina ya wanavyuoni ya kuwa kujiua ni haramu, na ni katika madhambi makubwa. Mwenyezi Mungu amelikataza katika Sura ya Nisaa, aya ya 29, na Hadithi zilizomo katika Bukhari na Muslim zimelionya onyo kali. Nafsi si mali ya mwenye nafsi. Ni amana aliyopewa. Haya hatuna haja ya kuyarefusha, kwani kila mtoto wa chuoni ayajua.

Lakini itazameni aya hiyo inavyokwisha. Mwenyezi Mungu amekataza, kisha papo hapo akatukumbusha ya kuwa Yeye ni mwenye kuturehemu. Moto umetajwa katika aya inayofuata, kwa mwenye kulitenda jambo hilo kwa uadui na dhulma. Ama aya ya makatazo yenyewe imefungwa kwa rehema. Sisi nusu ya kwanza twaisoma kwa sauti kubwa, na ile nusu ya pili twaimeza.

Ama kusaliwa, imepokewa na Muslim kwa Jabir bin Samura ya kuwa Mtume (S.A.W.) aliletewa maiti ya mtu aliyejiua, naye hakumsalia. Imamu Nawawi, ambaye vitabu vyake ndivyo tegemeo la madhehebu yetu ya Shafi, ameeleza katika sharhe yake ya kuwa wanavyuoni walio wengi, na Imamu Shafi akiwa miongoni mwao, wasema husaliwa. Na kwamba Mtume aliacha yeye mwenyewe ili watu wapate kuonyeka, na Masahaba wakamsalia.

Tena katika Muslim iko khabari ya Tufayl bin Amr wa kabila la Daws. Alihamia Madina pamoja na mtu wa kabila lake. Mtu yule akaugua, maradhi yakamshinda kuyavumilia, akajidhuru akafa. Tufayl akamwona katika ndoto yu katika hali njema, ila mikono yake imefunikwa. Akaambiwa ya kuwa mtu yule amesamehewa kwa ajili ya kuhama kwake, lakini mikono iliyofanya uharibifu imeachwa vile vile. Tufayl alipomweleza Mtume (S.A.W.), Mtume aliiombea maghufira mikono ile pia. Nawawi asema hii ni hoja kubwa ya Ahlus Sunna, ya kuwa aliyejiua, asipokuwa amekanusha dini, si kafiri, wala haikukatwa hukumu juu yake ya moto, bali yu katika matakwa ya Mola wake. Na twajua ya kuwa kalamu imeondolewa kwa mtu aliyepotewa na akili mpaka irudi. Na ni nani katika sisi ajuaye akili ya mwenziwe ilikuwa wapi saa ile?

Basi mwenye kukataa kumsalia maiti huyu, akamnyima mahali pa kuzikwa, akawahama wazazi wake, asidhani ya kuwa amefuata madhehebu. Amefuata hasira zake.

KOSA LETU SISI

Inatupasa kukiri hapa jambo ambalo tungependa kulificha. Miaka kadhaa nyuma, kijana aliyekuwa mwanafunzi wetu zamani alitujia baada ya sala ya Isha. Akasema: "Maalim, iko dua ya mtu aliyechoka?" Tukamwuliza: "Umechoka na nini?" Akasema: "Na yote." Tukamwambia ya kuwa huo ni upungufu wa shukurani. Tukamtajia adhabu za Akhera, tukampa uradi wa kusoma asubuhi na jioni, kisha tukavaa viatu vyetu tukaenda zetu kula. Hatukumwuliza amekula nini, wala amelala wapi, wala nani anamdai.

Siku chache baadaye alijaribu kujitoa roho. Mwenyezi Mungu akamwokoa kwa mkono wa mamake, aliyerudi nyumbani kabla ya wakati wake. Tulipokwenda kumzuru hospitali tukaanza tena kumwonya. Akatuzuia kwa adabu, akasema: "Maalim, moto naujua, wewe ndiye uliyenisomesha. Usiku ule sikuja kuuliza hukumu. Nilikuja ili mtu asiniache niende peke yangu."

Maneno hayo hatukupata kuyajibu mpaka leo. Na tulipopekua sababu, tuliona ya kuwa alikuwa amepoteza mtaji wa mjomba wake katika biashara ya nguo, akaona haya kumkabili, akawa anakopa huku kulipa huko, mpaka usingizi ukamhama. Wazee wawili walikaa na mjomba wake jioni moja tu, kwa kahawa, wakakata kiasi cha kulipa kila mwezi. Mjomba mwenyewe alilia, akasema laiti angalijua. Deni lililotaka kuchukua roho lilikwisha kupata njia kabla ya adhana ya Isha.

MFANO WA BIBI MARYAM

Wako wasemao ya kuwa Muislamu wa kweli hawezi kutamani mauti. Hao na wasome Sura ya Maryam. Bibi Maryam, aliyeteuliwa na Mola wake juu ya wanawake, uchungu wa uzazi ulipompeleka kwenye shina la mtende, naye yu peke yake na khofu ya maneno ya watu iko mbele yake, alitamani lau angalikuwa amekufa kabla ya hayo, akawa kitu kilichosahauliwa kabisa. Hayo yamo katika aya ya 23.

Sasa tazameni jawabu aliyopewa, katika aya tatu zinazofuata. Wafasiri wamekhitalifiana kama aliyemwita ni Jibrili au ni mwanawe Isa (A.S.), lakini yaliyosemwa yako wazi. La kwanza, hakukaripiwa. Hakuambiwa imani yako imepungua. Aliambiwa asihuzunike. La pili, alionyeshwa maji chini yake, na tende mbivu juu yake. Akaambiwa ale na anywe. Mwili wake ulitazamwa kabla ya jambo jingine. La tatu, alipewa kazi ndogo aiwezayo, nayo ni kulitikisa shina lile. La nne, aliondolewa mzigo wa kujieleza mbele ya watu. Aliamriwa kunyamaza, na Mwenyezi Mungu akamsimamishia mwenye kumjibia, naye ni mtoto aliye katika mlezi.

Haya manne ndiyo darsa yetu yote. Mtu aliyetamani mauti hakuhutubiwa. Alisikilizwa, akalishwa, akapewa jambo jepesi la kufanya, na ndimi za watu zikazuiwa zisimfikie. Na sisi katika mitaa yetu twafanya kinyume cha yote manne.

SI UPUNGUFU WA IMANI TU

Shirika la Afya Duniani limekadiria ya kuwa katika mwaka wa 2021 watu 727,000 walikufa kwa kujiua, na kiasi cha 73 katika kila 100 walikuwa katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati. Kwa vijana wa miaka 15 hata 29, hiyo ilikuwa ni sababu ya tatu ya vifo duniani. Basi mwenye kusema ya kuwa hili ni jambo la Wazungu, halimo katika watu wetu, ajua kwamba huku kwetu hufichwa tu.

Sababu zake aghalabu haziwi moja. Deni hukutana na ugonjwa, ugonjwa hukutana na aibu, na aibu hukutana na upweke. Wako walio katika unga, waliokimbiwa na jamaa. Yuko binti aliyerudi kazini Arabuni na mambo asiyoweza kuyasema mbele ya babake. Yuko mwanafunzi aliyeanguka mtihani na nyumba nzima ilikuwa imekwisha kumtabiria. Yuko mzee aliyefiwa na mkewe, watoto wako mbali, na barazani hapana tena amwulizaye. Yuko mama aliyejifungua, ambaye kila aingiaye humtazama mtoto, na mama mwenyewe hapana amtazamaye, na huku hawezi kulala hata mtoto akilala.

Tena yako maradhi yenyewe ya huzuni, ambayo waandishi wa siku hizi huyaita sonona. Hayo humjia hata mtu asiyekuwa na deni wala msiba. Jambo hili si geni katika elimu ya Kiislamu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyekufa mwaka wa 934, aliandika kitabu juu ya maslaha ya miili na nafsi, akaeleza ya kuwa nafsi huugua kama mwili unavyougua, akatenganisha baina ya huzuni yenye sababu ijulikanayo na huzuni isiyojulikana sababu yake. Na hospitali ya Sultani Qalawun mjini Cairo, iliyojengwa mwaka wa 1284, ilikuwa na mahali pa wagonjwa wa akili. Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha kutafuta dawa, akatueleza ya kuwa kila ugonjwa umeteremshiwa dawa yake. Hakutoa katika amri hiyo maradhi ya moyo na akili.

Lakini watu wetu, mtu akinyamaza siku tatu, husema ana pepo. Hupelekwa kwa mganga, hupigiwa ramli, hununuliwa kuku mweusi, na yule mgonjwa hutoka huko na deni jipya juu ya lile la zamani. Wengine hufungwa kamba wakafichwa chumba cha uani ili wageni wasimwone. Kumsomea mgonjwa Qurani ni sunna, wala hatuikatazi, bali twaihimiza. Tunalolikataza ni kuifanya ruqya kuwa kisingizio cha kutompeleka kwa daktari, na kuufanya uganga kuwa ni ruqya.

HOJA YA AJALI

Hapana budi kuijibu hoja moja inayopendwa sana barazani. Husemwa: "Ajali yake ilikuwa imefika, hata angezuiliwa, angekwenda kwengine." Hoja hii imepotoka kwa dini na kwa ushahidi.

Kwa dini, Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alipofika Sargh akielekea Sham, akapata khabari ya tauni, aliamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu ya kuwa ndiyo, waikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Basi mkono wako unaomshika mwenzio nao ni katika kadari.

Kwa ushahidi, mwaka wa 1978 mtaalamu Mmarekani Richard Seiden alitoa uchunguzi wake juu ya watu 515 waliozuiliwa wasijiue katika daraja la Golden Gate, San Francisco, baina ya mwaka wa 1937 na 1971. Alipowafuatia baada ya miaka mingi, kiasi cha 94 katika kila 100 walikuwa wangali hai, au walikufa kifo cha kawaida. Na katika nchi ya Sri Lanka, serikali ilipopiga marufuku hatua kwa hatua dawa za mashamba zilizo kali mno, vifo vya kujiua vilipungua kiasi cha asilimia 70 baina ya 1995 na 2015. Wala huzuni za watu wa Sri Lanka hazikwisha. Ila kilichokuwa karibu na mkono kiliwekwa mbali, na saa ya giza ikapita.

Hayo yatufunza ya kuwa dhiki hii huja kama wimbi. Aliyeshikwa mpaka wimbi lipite, aghalabu huishi.

DALILI ZA MTU ALIYE KATIKA KHATARI

Husemwa ya kuwa mwenye kusema hatendi. Hili si kweli. Wengi waliojiua walikwisha kusema kabla, kwa maneno ya wazi au ya mafumbo. Kila mtu wa nyumba na azijue dalili hizi:

Mtu kusema ya kuwa amechoka na dunia, au yeye ni mzigo, au watu watapumzika akiondoka. Mtu kuacha mambo aliyoyapenda, na kuacha kutoka, kula, kulala, au kusali na jamaa. Mtu kuzidisha kileo au unga. Mtu aliyewahi kujaribu zamani. Huyu khatari yake ni kubwa kuliko wengine. Na mtu aliyekuwa katika dhiki kubwa, kisha ghafula akatulia bila ya sababu ijulikanayo.

Tena kwetu sisi iko dalili ambayo hutupita kwa kuwa twaidhania ni ucha Mungu. Mtu huanza kurejesha amana za watu, kugawa nguo zake na vitu avipendavyo, na kuzunguka kwa jamaa akiomba radhi, na hana safari wala haendi Hija. Sisi humsifu. Mtu kama huyo, akiwa pia na huzuni, usimsifu tu, kaa naye.

YAMPASAYO MTU MMOJA

La kwanza: mwulize. Tazameni khabari ya Salman na Abu Dardaa iliyomo katika Bukhari. Salman alikwenda kumzuru nduguye, akamwona mkewe amevaa mavazi ya kujiacha. Hakupita, bali aliuliza, una nini? Kisha akaletewa chakula, akakataa kula mpaka Abu Dardaa ale naye. Akalala pale, akamzuia asijitese kwa kukesha mpaka usiku wa mwisho, ndipo wakasali pamoja. Kisha akamkumbusha ya kuwa nafsi yake na watu wake wana haki juu yake, na Mtume (S.A.W.) akamsadikisha. Alitazama, akauliza, akala naye, akalala naye, na nasiha ikawa ni ya mwisho.

Wala usiogope kuuliza kwa maneno ya wazi: "Ndugu yangu, jee, umefikiri kujiua?" Watu hudhani ya kuwa kuuliza hivyo ni kumtia mtu fikira asiyokuwa nayo. Wataalamu wamelichunguza jambo hili, wakaona kuuliza hakumtii mtu fikira hiyo. Huenda kukampunguzia, kwa kuwa amepata pa kuitua.

La pili: sikiliza, usihukumu. Usimwambie wengine wana shida kubwa kuliko yako. Usimtajie moto, aujua. Usimkatize. Na akinyamaza, nyamaza naye.

La tatu: akikubali ya kuwa anafikiri hivyo, usimwache peke yake hata kidogo, na uviondoe nyumbani vitu vya kujidhuru. Dawa za hospitali na sumu za nyumba na za shamba zifungiwe, na ufunguo uwe kwa mtu mwengine.

La nne: mpeleke, usimwelekeze. Kuna tafauti baina ya kumwambia mtu nenda, na kwenda naye. Watu hudhani daktari wa akili yuko Mathari tu, huko Nairobi. Hospitali ya Port Reitz hapa Mombasa ina wadi ya maradhi ya akili, na hospitali yoyote ya serikali ikiletewa mtu wa namna hii ni wajibu wake kumtazama. Kwa walio katika unga, zahanati ya methadoni ilifunguliwa Malindi mwaka wa 2015. Kwa anayetaka kusema na mtu bila ya kujulikana, Msalaba Mwekundu wa Kenya una simu 1199, na kwa watoto iko simu 116, zote bila ya malipo. Na wako pia Befrienders Kenya, ambao kazi yao ni kusikiliza.

La tano: siri yake ni amana, isipelekwe barazani. Walakini akikuapisha usimwambie mtu yeyote ya kuwa ataka kujiua, kiapo hicho si cha kutekelezwa. Mwambie mtu mmoja au wawili wa kuaminika wawezao kukusaidia kumlinda. Heri akukasirikie akiwa hai.

La sita: rudi. Wiki za mwanzo baada ya kutoka hospitali ni za khatari kuliko zote, nazo ndizo tunazomwona amepona tukamwacha. Mtume (S.A.W.) ametukataza kutamani mauti kwa ajili ya dhara lililotupata, na akatufunza badala yake tumwombe Mwenyezi Mungu atuhuishe maadamu uhai ni kheri kwetu. Dua hiyo mfundishe, na isome pamoja naye, ukiwa umekaa kwake, si kwa kumtupia.

YAPASAYO MTAA NA MSIKITI

Imamu na khatibu wazungumze jambo hili juu ya mimbari kabla ya msiba, si baada yake, tena kwa maneno ya rehema. Kila msikiti uwachague watu wawili wanaume na wawili wanawake, wenye vifua vipana, waliofundishwa na madaktari namna ya kusikiliza, ili mwenye dhiki ajue mlango wa kubisha.

Wenye kudai wakumbuke aya ya 280 katika Sura ya Baqara, iliyoamrisha kumpa nafasi mdaiwa mwenye dhiki, na kwamba kumsamehe ni kheri zaidi. Mfuko wa zaka wa mtaa uwatazame wenye kugharikika kwa madeni, kwani wametajwa kwa jina lao katika wanaostahiki zaka.

Waalimu wa madrasa waache kumtweza mtoto mbele ya wenziwe. Wazazi waache kupima thamani ya mtoto kwa karatasi ya mtihani. Na wanawake waendao kumtazama mzazi, na waulize khabari za mama kabla ya kumshika mtoto. Bibi Aisha (R.A.), nyumba ikifiwa, aliamuru ipikwe talbina, nao ni uji wa shayiri, kwa kuwa alimsikia Mtume (S.A.W.) akisema huutuliza moyo wa mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni. Bakuli la uji kutoka kwa jirani si dawa ya kila kitu. Lakini ni khabari kwa mgonjwa ya kuwa yuko anayemkumbuka.

Tena tusiwaogopeshe watu kwa polisi. Kifungu cha 226 cha sharia ya jinai ya Kenya kilikuwa kikimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa ni mkosa, na adhabu yake ilifika kifungo cha miaka miwili. Nyumba nyingi zilificha wagonjwa wao kwa khofu hiyo. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ilihukumu ya kuwa kifungu hicho chapingana na Katiba. Tusiwe sisi tuliobaki na jela ndimini mwetu baada ya kadhi wa serikali kuivunja.

BAADA YA MSIBA

Akifa mtu kwa njia hii, asaliwe, azikwe na Waislamu, na watu wahudhurie matangani kama wahudhuriavyo kwengine. Jamaa zake, na khasa ndugu na marafiki wa rika lake, wawekwe karibu, kwani huzuni ya kifo hiki huweza kumvuta mwengine. Isitangazwe njia aliyoitumia, wala picha zake zisipitishwe katika simu. Kufanya hivyo ni kumvunjia heshima maiti na kumwonyesha njia aliye hai. Wala asiulizwe mamake alikuwa wapi. Swali hilo hujiuliza mwenyewe kila usiku.

KHATIMA

Mwenyezi Mungu ametueleza katika Sura ya Maida, aya ya 32, ya kuwa mwenye kuihuisha nafsi moja ni kama aliyewahuisha watu wote. Wengi wetu huisoma aya hiyo wakafikiri juu ya madaktari na waokoaji wa baharini. Lakini mwenye kukaa na nduguye mpaka alfajiri, naye ameingia humo.

Yule kijana yu hai, alhamdulillahi. Deni alilimaliza, na dawa alizitumia muda mpaka daktari akamwachisha. Baada ya Isha huwa hatoki upesi. Hukaa karibu na mlango wa nyuma, pale penye viatu, akatazama ni nani asiyekuwa na haraka ya kurudi kwao. Mtu wa namna hiyo humwita wakaenda kunywa kahawa. Hayo hakuyapata kwetu. Sisi ndio tuliojifunza kwake.

Masuali ya kuzungumzwa katika darsa ya wiki ijayo:

1. Katika nyumba kumi zilizo karibu nawe, ni nani hujamwona siku saba, na umemwulizia?
2. Ni yapi katika maneno yetu ya barazani yanayomfanya mwenye dhiki afiche dhiki yake?
3. Ni nani katika msikiti wetu afaaye kuchaguliwa kuwa msikilizaji, na gharama ya kumfundisha itatoka wapi?

Na wewe usomaye haya, ikiwa ndiwe mwenyewe uliyechoka, usiingoje wiki ijayo. Mwamshe mtu usiku huu, awe mama, au ndugu, au jirani, au imamu. Umwambie jambo lilivyo bila ya kulipunguza. Ukimwona amekujibu vibaya kama tulivyojibu sisi, usidhani ya kuwa milango yote ni hiyo. Bisha wa pili.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaondolee wenye dhiki dhiki zao, awaghufirie waliotangulia, na atusamehe sisi tulioulizwa tukajibu vibaya. Wabillahit tawfiq.